Sado Iliyobonyea Kitako

MUULIZE MAMA

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Igoma, Mwanza, na kazi yangu ni kuandika kilo kwa mnunuzi mmoja wa samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mizani yetu inapunja kilo mbili kwa kila kreti. Wote tunajua, labda hata wavuvi wanajua. Nilipomuuliza bosi, ambaye tunasali naye kanisa moja, alicheka: "Dogo, Mungu ana Jumapili yake, mwalo una siku zake." Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anasema Biblia imepitwa na wakati, dunia ya leo ni akili tu. Mchungaji ameniambia niombe. Naomba, lakini Jumatatu nashika kalamu ileile. Mkristo ayatazameje mambo haya? Niache kazi? Nina mke na mtoto wa miezi mitano. – Karani, Igoma.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza nikuambie habari ya sado yangu, maana nikianza na mistari utadhani nilizaliwa mnyoofu.

Miaka ya tisini niliuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Tulipima kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Unampa fundi aigonge kitako kwa nyundo mpaka kiingie ndani, kisha wewe unajaza juu kwa kilemba, mteja anafurahia kilemba. Neno wizi halikutajwa. Tulisema "kubonyeza". Na mimi nilikuwa kwaya, sauti ya kwanza, Jumapili naimba mpaka machozi yanatoka, tena machozi ya kweli. Alfajiri ya Jumatatu niko kwenye kigoda changu na sado yangu.

Aliyenishtua hakuwa mchungaji. Alikuwa mama mmoja Mwislamu, tulipakana meza. Ilikuwa siku za mbalamwezi, mitumbwi imelala kwa sababu taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, nasi tumekaa tu tunapiga soga. Akaichukua sado yangu, akaigeuza, akatumbukiza ngumi kwenye kitako. Ikaenea vizuri. Akasema, "Kwetu kuna sura nzima inaanza na ole wao wapunjao. Kwenu haimo?" Nikajibu haraka kwamba imo. Sikuwa na hakika.

Usiku ule nilipekua Biblia kwa kibatari mpaka nikafika kwa Amosi, sura ya 8. Wako pale wafanyabiashara wanaouliza sabato itakwisha lini wapate kuuza ngano, huku wakiifanya efa kuwa ndogo na shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, kuwa kubwa. Miili iko ibadani, akili iko sokoni. Efa ni kipimo cha nafaka, mwanangu. Ni sado! Watu walikuwa wakibonyeza zaidi ya miaka mia saba kabla ya Kristo, na Mungu aliona.

Ndiyo maana rafiki yako wa chuo hanitishi kama bosi wako. Rafiki yako anabisha waziwazi, unaweza kukaa naye mkabishana. Bosi wako hakani kitu, amempangia tu Mungu siku. Huku ziwani ugonjwa wetu ni huo. Utaona mtumbwi umeandikwa ubavuni "Yesu ni Bwana", ukiinama unakuta hirizi imefungwa chini ya ubao.

Wapo watakaokuambia Katiba yetu ya 1977 inasema nchi hii haina dini, kwa hiyo dini ibaki nyumbani. Mimi sina ugomvi na Katiba. Kwa sababu yake mimi na yule mama tulilipa ushuru uleule, na mkaguzi wa vipimo hakutuuliza tunasali wapi. Lakini serikali kutokuwa na dini ni jambo moja, na mimi kuivua yangu getini kama kandambili ni jingine.

Umeuliza Mkristo atazameje. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA. Kama unaamini hivyo, ziwa lina Mwenyewe. Anayevuta kokoro, ule wavu wa kuburuta, akazoa mpaka vifaranga amemwibia Mwenye ziwa kabla hajamwibia jirani yake. Na zile kilo mbili ni usingizi wa mtu aliyekesha majini, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, awe anasali kwenu au hasali popote. Ukiitazama kreti hivyo, kalamu itakuwa nzito. Usiharakishe kuifanya nyepesi.

Kuhusu kuacha kazi, siwezi kukuamulia mimi niliye mbali na chungu chako. Msome Danieli sura ya 1. Alijifunza lugha ya Wakaldayo, akakubali kuitwa jina la Kibabeli, akamtumikia mfalme. Alikataa chakula cha mfalme, na hapo pia hakupiga kelele: alimwomba msimamizi awajaribu siku kumi. Nenda kwa bosi, mkae wewe na yeye tu, bila mashahidi. Mwombe giza moja tu, tangu mwezi unapofifia mpaka unaporudi, mizani iwe sawa na vitabu uandike wewe. Akikataa, mwambie hutaandika kilo ambazo hukuziona. Kabla ya kwenda, zungumza na mkeo, mhesabu pamoja kodi ya nyumba na unga wa miezi miwili. Akiipata habari hii siku umefukuzwa, utakuwa umempunja na yeye.

Sitakudanganya kwamba faida itaongezeka. Niliponunua sado mpya nilipandisha bei kidogo, wateja wakapita kwenda meza ya tatu. Wengine walirudi. Wengine mpaka leo wakiniona wananisalimia kwa mbali.

Na huyo rafiki yako, mkaribishe chai na sato wa kukaanga, umuulize ni lini alianza kuidharau Biblia. Usimhubirie siku hiyo, msikilize tu. Usishangae akikutajia mtu wa kanisani aliyemdhulumu. Mimi nina wateja wa zamani wangeweza kunitaja.