Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Msasa Unakatika Bado Mpya

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mashine yangu ya msasa ya mkono inatumia mikanda ya milimita 75 kwa 533. Mikanda inakatikia kwenye maungio kabla makali hayajaisha. Mmoja haukumaliza dakika tano. Muuzaji anasema mashine ndiyo mbovu, jirani anasema mikanda ni feki. Nimwamini nani?
Fundi samani, Unga Limited, Arusha

JIBU: Pole, fundi. Kabla ya kumlaumu yeyote, geuza mkanda uangalie mgongo wake. Ukikuta mshale, basi ncha moja imelazwa juu ya nyingine, na mkanda huo una upande mmoja tu wa kuzungukia. Mshale wake lazima ufuate mshale uliochorwa kwenye bodi ya mashine. Ukiuvalisha kinyume, ncha ya juu inakwenda kupambana na mbao, inabanduka kidogo kidogo, na siku ikinasa mkanda wote unachanika. Mikanda mingi isiyo na mshale imeunganishwa ncha kwa ncha kwa utepe wa nyuma, nayo inazunguka upande wowote.

Kama mshale uko sawa, tunashuku unyevu. Masika ya Machi hadi Mei mkanda unavuta maji ya hewani, unajikunja, na gundi ya maungio inalegea. Kuutundika kwenye msumari kunazidisha ubaya, kwa sababu msumari unatia mkunjo na mkunjo ndipo pa kukatikia. Tundika kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, mbali na sakafu ya saruji. Tena usinunue akiba ya miaka: gundi huchoka hata mkanda ukiwa haujaguswa.

Linalobaki ni kuunyoosha. Chomoa plagi, legeza wenzo, valisha mkanda, kaza. Hakikisha kitufe cha kufungia swichi hakijabanwa, ndipo uchomeke. Pindua mashine, uishike imara, bonyeza swichi sekunde moja na kuachia, uone mkanda unakimbilia upande gani. Zungusha skrubu ya kunyooshea kidogo tu, robo mzunguko, kisha jaribu tena, mpaka ukingo wa mkanda ulingane na ukingo wa nje wa rola. Ukiingia ndani mno utasuguana na bodi, nyuzi zitachomoza pembeni, na mpasuko utaanzia hapo. Skrubu ikifika mwisho na bado mkanda unatoka, kagua rola ya mbele: mara nyingi ina vumbi lililoganda, au mpira wa rola ya nyuma umekwisha.

SWALI: Nikipiga msasa uso wa meza ya mgrivea, unatoka na mabonde, na kingo zinalala. Tatizo ni namba ya msasa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Namba ina sehemu yake, lakini mabonde yanatokana na mkono. Mashine iwashwe ikiwa hewani, ishushwe huku inatembea, kisigino kikitangulia kugusa, na iinuliwe kabla ya kuzimwa. Ikisimama mahali pamoja kwa sekunde mbili tu, imeshachimba. Usiigandamize, uzito wake unatosha, na ukiukandamiza mkanda unapata joto na kuziba. Fuata nyuzi za mbao, kila njia ifunike nusu ya njia iliyopita. Ukingoni, theluthi mbili ya kitako ibaki juu ya meza, la sivyo mashine inainama na kula kona.

Anza na namba 80, kisha 120, halafu malizia kwa mkono na 150 au 180. Namba 40 ni ya maungio yaliyopishana, si ya uso uliokwisha pigwa randa. Ukipiga mbao ya paini, utomvu utaziba msasa haraka: washa mashine, gusisha soli ya kiatu ya mpira mbichi juu ya mkanda, uchafu utang'oka.

SWALI: Naweza kusafishia bawaba za chuma kwa mashine hiyo hiyo?
Msomaji, Himo

JIBU: Unaweza, ila ondoa kwanza mfuko wa vumbi na uifute mashine ndani. Cheche ikiingia kwenye vumbi la mbao haiwaki pale pale. Inafuka taratibu, na moto unaweza kuzuka usiku karakana ikiwa imefungwa. Bana bawaba kwenye jiliwa, usiishike kwa vidole, na vaa miwani.

Hata kwa mbao tupu, kitambaa puani hakitoshi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule linajulikana kuwasha ngozi na kifua. Vaa barakoa ya N95, na mfuko umwagwe ukifika nusu, kwa sababu ukijaa vumbi linabaki hewani mnakovutia pumzi.