Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anashinda na Nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinauliza habari za watoto ambao hawajatimiza umri wa kuingia gredi ya kwanza, na karibu zote zimetoka katika mitaa ya Nairobi ambako mzazi akikosa kibarua cha leo hakuna chakula cha jioni. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naamini wengi wanaishi hali hiyo bila kuandika.

Ninaishi Mukuru kwa Reuben na ninafanya kibarua katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Mwanangu ana miezi kumi na mmoja. Ninamwacha kwa mama wa ploti ya jirani ambaye analea watoto kumi na wanne katika chumba kimoja, kwa shilingi 100 kwa siku. Jioni nikimchukua huwa amelala, na hata nikimwamsha hachangamki. Kuna kituo kingine cha shilingi 150 ambacho kina picha nzuri ukutani, na watoto huvaa sare. Je, nimhamishe? Nitajuaje mahali panapofaa?

Mama, kabla ya picha na sare, tuanze na huo usingizi. Mtoto wa umri huo hulala mchana, lakini aliyelala vyema huamka akitafuta uso wa mama yake, akilia au akicheka. Mtoto ambaye kila jioni haamshiki, au akiamka analegea, anahitaji kuonekana na mhudumu wa afya bila kungoja mwisho wa mwezi. Huenda ana upungufu wa damu au ugonjwa mwingine. Huenda pia anapewa dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale na wenzake wapate kutulizwa, jambo linalojulikana katika mitaa yetu ingawa halisemwi kwa sauti. Simshtaki jirani yako, kwa kuwa simjui, lakini dawa ya namna hiyo inaweza kudhoofisha pumzi za mtoto mchanga na haifai kutolewa bila agizo la daktari. Muulize kwa upole, na siku moja uombe ruhusa kazini ufike saa sita mchana bila kutoa habari.

Ukifika, usitazame ukuta. Tazama kinachotokea mtoto mmoja anapolia: je, kuna anayemnyanyua na kumsemesha, au analia hadi anachoka? Sikiliza kama mlezi anawaita watoto kwa majina. Angalia jiko liko wapi, kwa kuwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu, na mtoto anayetambaa hajui moto. Uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, na mikono huoshwa wakati gani. Uliza pia kama watoto hutolewa nje wakapata jua. Wazazi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mtoto anaweza kupata matege hapa Nairobi, penye jua mwaka mzima, lakini hivyo ndivyo ilivyo: anayeshinda katika chumba cha mabati kisicho na dirisha hukosa vitamini D, na mifupa yake hulainika ikapinda.

Kuhusu idadi, nitasema wazi: mtu mmoja hawezi kuwalea watoto kumi na wanne wa umri huo, hata awe na moyo wa dhahabu. Akimbadilisha huyu nepi, yule anaanguka. Ikiwa kituo cha shilingi 150 kina walezi wawili au watatu kwa idadi kama hiyo, nyongeza ya shilingi 50 ina maana. Ikiwa tofauti ni sare na picha tu, weka pesa zako ununue mayai na omena.

Ninasisitiza habari ya mlezi kwa sababu ndilo jambo ambalo wazazi hulipuuza wakidhani mtoto mchanga anahitaji kushiba na kulala tu. Mwaka 1986 watafiti mjini Kingston, Jamaika, waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, muda wa saa moja hivi, kwa miaka miwili. Waliowatembelea hawakuwa maprofesa bali wahudumu wa afya wa jamii, na walichofanya ni kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa kutumia vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye, watoto hao walikuwa wakipata kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata mafunzo hayo ya michezo. Tofauti haikuletwa na shule ya bei ghali.

Kwa hiyo wewe pia, ingawa unatoka alfajiri na kurudi jioni, una kazi ambayo hakuna anayeweza kukufanyia. Ukimwogesha, mtajie mguu, mkono, sikio. Akitoa sauti, mjibu kana kwamba amekuuliza swali, kisha umngoje naye ajibu. Mpe kijiko na sufuria apige kelele. Kama bado unanyonyesha, fahamu kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Najua kibarua wa siku hana sauti kubwa mbele ya msimamizi, lakini wanawake kumi wakiuliza pamoja huwa vigumu kuwafukuza wote.

Mimi ni baba wa watoto watatu, Kawangware. Binti yangu wa miaka mitano yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, katika shule ya kibinafsi iliyo karibu na nyumbani. Kila siku analetewa kurasa tatu za kuandika, na mwalimu anasema asipojua kusoma Kiingereza hatapita mahojiano ya kuingia gredi ya kwanza. Karo imenishinda. Nataka kumpeleka chekechea ya kaunti, lakini mke wangu anasema huko watoto wanacheza tu. Nani ana haki?

Baba, mkeo amesema kweli kwamba watoto wanacheza, na pengine hiyo ndiyo sifa bora zaidi ya chekechea hiyo. Mtaala wetu wa umilisi umetenga miaka miwili, PP1 na PP2, kwa ajili ya shughuli za lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini, na unakusudia zifanyike kwa kuimba, kupanga, kuhesabu vizibo, kuchora mchangani na kusimulia. Kidole cha mtoto wa miaka mitano ambaye hajafinyanga udongo wala kufunga vifungo vya shati lake hakiko tayari kwa kurasa tatu kila jioni. Atazijaza, naam, akilia, nawe utafurahia mwandiko, lakini hajifunzi kingine ila kwamba shule ni adhabu.

Mahojiano yasiwatishe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haiiruhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani kama sharti la kumpokea, isipokuwa ule wa kuamua darasa linalomfaa. Atakayewaambia vinginevyo katika shule ya msingi ya umma, mwombeni aiweke kauli yake katika maandishi.

Ninaelewa hofu ya mkeo ilikotoka. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, chekechea iliachwa nje, na wazazi wa mitaa yetu wakazoea kwamba nasari ni kitu cha kununuliwa, na kwamba kilichonunuliwa ghali ndicho bora. Baadaye Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Tatizo lililobaki ni kwamba vituo vya umma ni vichache mahali ambapo watoto ni wengi, na vingine vina msongamano mkubwa. Kwa hiyo msihame kwa kusikia. Nendeni pamoja, mkeo akiwemo, mketi darasani asubuhi moja. Mkimkuta mwalimu aliyehitimu anayewajua watoto wake, mhamisheni. Mkikuta watoto themanini wamebanana na mwalimu mmoja mwenye fimbo, mbaki mlipo na mzungumze na mwalimu mkuu kuhusu hizo kurasa tatu.

Ulizeni pia chakula. Kupitia mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mtoto wa shule ya msingi au chekechea ya umma hapa Nairobi hupata chakula cha mchana kwa mchango wa mzazi wa shilingi 5. Linganisheni na mnachotumia sasa kumfungia chakula kila siku, kisha mpige hesabu ya muhula mzima.

Ninalea watoto tisa nyumbani kwangu Mathare, chumba cha futi kumi kwa kumi. Sikusomea kazi hii, nilianza kwa kumsaidia jirani aliyekuwa akienda kufua nguo Eastleigh. Wazazi wananitaka niwafundishe ABC, na mtoto mkubwa kati yao ana miaka mitatu. Sina pesa za vifaa. Nifanye nini?

Dada, usione haya kwa kuanzia chumbani. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia ambaye jina lake leo limeandikwa kwenye mabango ya shule ghali za Lavington na Karen, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mnamo Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wazazi walikwenda kazini, na watoto waliobaki walikuwa wakichafua kuta na ngazi za majengo, kwa hiyo wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwashughulisha. Jambo lao, mbona, ndilo jambo lenu la Mathare.

Na kama Roma ni mbali, tazama Mombasa. Mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango wa elimu ya awali wa madrasa ulianza pwani na mkufunzi wake wa kwanza alikuwa Bi. Swafiya Said. Waliofundishwa walikuwa wanawake wa vijiji na mitaa ileile, na vifaa vyao vilikuwa vifuu, makombe ya baharini, vizibo na vitambaa. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Jambo ambalo wewe unalo, na ambalo halinunuliki, ni kwamba watoto hao unawajua na mama zao unawajua.

Kuhusu ABC, wakatalie wazazi kwa adabu, na uwape kitu cha kuonekana badala yake. Jioni mama akija, mwambie: leo amepanga vizibo vyekundu upande mmoja na vya buluu upande mwingine, na amejifunza wimbo mpya. Mzazi anataka kujua pesa zake zimefanya kazi, na akisikia habari za mtoto wake kila jioni atasahau ABC. Chupa za maji zilizooshwa, maboksi, sufuria na leso kuukuu zinatosha kwa mwezi mzima. Usiwape vitu vidogo wale wanaotia kila kitu mdomoni. Vizibo ni vya wakubwa, nawe ukiwa karibu. Uji uwe wa wimbi au mtama, na unapopata karanga au omena zilizosagwa, changanya.

Mtafute mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako. Anaweza kuwapima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi unaoonyesha kama lishe yao inatosha, na kukueleza siku za matone ya vitamini A na dawa za minyoo. Kisha, ukitaka kusikika, jiunge na walezi wenzako wa mtaa mfanye chama na mkiandikishe. Jedwali la Nne la Katiba, pale linapoitaja elimu ya awali miongoni mwa kazi za kaunti, linataja pia vituo vya kulelea watoto. Maneno hayo husahaulika. Kaunti ikijenga madarasa ya chekechea ikadhani imemaliza, watoto wa chini ya miaka minne wanabaki mikononi mwenu bila mafunzo wala usaidizi, na mwenye haki ya kuliuliza hilo katika mikutano ya bajeti ya umma ni wewe. Kuhusu watoto wenyewe, tisa kwa mtu mmoja ni wengi. Kabla ya kumpokea wa kumi, tafuta msaidizi.

Mimi ni shosho, Kibera. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na hasemi ila maneno mawili matatu. Majirani wanasema ni kwa sababu nyumbani tunamsemesha Kijaluo, nje anasikia Kiswahili, na kwa mlezi anaimbishwa kwa Kiingereza. Niache Kijaluo?

Shosho, usikiache. Watoto wengi wa mji huu hukua na lugha tatu, na wingi wa lugha si ugonjwa. Mtoto huchanganya kwa muda kisha hupambanua. Lugha unayoijua wewe kwa undani, yenye hadithi na utani, ndiyo itakayomfaa kutoka kinywani mwako.

Lakini majirani wakikosea sababu, hawajakosea kuona tatizo. Kufikia miaka miwili twatarajia mtoto aunganishe maneno mawili, na wako amepita hapo kwa mwaka mmoja. Anza na masikio. Simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida, kisha upige sufuria, uone kama anageuka. Je, amewahi kutokwa na usaha masikioni? Vyovyote utakavyoona, mpeleke kituo cha afya cha umma wiki hii ukiwa na kile kijitabu chake cha kliniki, uombe apimwe usikivu. Uulize pia njia ya kufika kituo cha tathmini ya elimu maalumu, kile kinachoitwa EARC. Vipo nchini tangu mwaka 1984, na hupima watoto wadogo pia. Usikubali kuambiwa umngoje hadi aanze shule.