Barua kwa mwanangu: nia bado ina wakati

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika Matondoni na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza kama kazi ya duka la dawa huko Mombasa, uliyoingia kwa ajili ya mshahara tu, inaweza kuwa na maana sasa, ilhali ulipoianza hukuwa na kusudi lolote.

Naona mshahara umeuonea haya. Usiuonee. Karo ya mdogo wako inatoka humo, na matibabu ya bibi yako pia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akiwalisha watu wake kwa kutaraji radhi za Mungu, huandikiwa sadaka. Mimi nikiwa chini ya jahazi, nashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasiingie, nataka ujira wangu, na nataka nahodha arudi kwake salama. Sijaona nia hizo mbili zikigombana.

Ile hadithi ya Mtume aliyoipokea Sayyidna Umar, uliyoihifadhi madrasa, kwamba amali huhesabiwa kwa nia, wengi huikatia hapo hapo. Wewe endelea nayo. Inataja watu waliohama: huyu amehama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, yule kwa dunia anayoitafuta au mwanamke anayetaka kumwoa. Njia ni moja na jua lililowachoma ni moja. Aliyewaona wakipita asingejua nani ni nani. Kwa hivyo usiwape wenzako kazi ya kukwambia kazi yako ina thamani gani. Hawaoni kilicho moyoni mwako, wala mimi sikioni.

Sasa hili la kuchelewa, ndilo nililotaka hasa kukujibu. Sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Saumu ya Ramadhani lazima uinuie usiku, kabla ya alfajiri. Lakini saumu ya sunna ni mbali. Mtu ameamka hana habari ya kufunga, hajala wala hajanywa, saa nne za asubuhi moyo unamjia: leo nifunge. Akinuia kabla ya adhuhuri, saumu yake inasihi. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba huhesabiwa amefunga tangu alfajiri, pamoja na zile saa alizokaa bila kukusudia kitu. Kila nikiifikiri huruma hiyo, moyo wangu hufurahi. Miaka yako dukani nami naitazama hivyo, mama. Hujaiharibu. Inuie leo.

Ila sitaki udhani nia inatosha. "Nilikusudia mema" nimeisikia sana, na mara nyingi kutoka kwa aliyekwisha kumuumiza mwenzake. Bandari mpya ya Lamu ilikusudiwa kuleta maendeleo, na sikatai kwamba wako walioyataka kwa dhati. Hata hivyo, mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa madhara ya mradi huo kwa uvuvi wao. Basi nawe, ukimwuzia mtu antibiotiki bila cheti cha daktari kwa kumwonea huruma, huruma yako haitamkinga na madhara. Mweleze ameze lini, kabla ya chakula au baada yake, na asiache katikati akijiona amepona. Bibi asiyejua kusoma mrudilie mpaka aseme mwenyewe.

Kuhusu kuacha kazi, mwezi huu usiache. Kila asubuhi kabla hujafungua duka, nuia moyoni unamfungulia nani na kwa nini, kisha Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, uje Lamu kwa maulidi ya Msikiti wa Riyadha tuzungumze. Ukija na moyo bado umekataa, tutatafuta kazi nyingine pamoja, wala hutasikia lawama kwangu.

Mamako anakusalimu sana. Anauliza kama ile achari imefika.

Babako