Mama wa miaka 72 hainuki kitini bila kushikwa mkono

Pole ndugu uliyeuliza kwa nini mama yako hawezi kuinuka mwenyewe. Kwa mlo wake uliotaja, chai na mkate asubuhi, uji jioni, misuli ya mapaja haipati protini ya kutosha. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku, na yai moja lina 6 tu. Aongezewe maharage, maziwa, dagaa. Kama ana ugonjwa wa figo, muulizeni daktari kwanza.

Pia afanye zoezi la kuinuka na kukaa. Kiti kiwe kigumu, kiegemezwe ukutani. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka kichwa kifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Wengi hukwama hapo kwa kunyanyuka mgongo ukiwa wima. Kukaa ashuke taratibu, asijibwage. Mara 8, apumzike, arudie, siku 3 kwa wiki. Na jamani, msikimbilie kumwinua!