Uraia wa Uingereza kupitia visiwa vya ng'ambo: maswali yenu

Wengi mnaoniandikia mnaanza na pasipoti. Anzeni na vyeti: nani alizaliwa wapi, mwaka gani, na wazazi wake walikuwa wameoana au la.

Mama alizaliwa Montserrat mwaka 1958, akaolewa Kenya. Mimi nilizaliwa Nairobi 1991, kaka yangu 1981. Haki zetu ni sawa? (Msomaji, Nakuru)

Si sawa, ingawa mmenyonya ziwa moja. Montserrat, kisiwa cha Karibea, ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hiyo mama alizaliwa raia wa Uingereza na Makoloni. Tarehe 1 Januari 1983 ilianza kutumika sheria mpya iliyowatengea watu wa makoloni yaliyobaki uraia wao wa pembeni, usiowapa hata haki ya kwenda kuishi London. Lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu mwanamke kumrithisha mtoto uraia, jambo lililokuwa la baba peke yake. Wewe ukaupata wa mama siku uliyozaliwa. Kisha tarehe 21 Mei 2002 karibu watu wote wa maeneo hayo wakafanywa raia kamili wa Uingereza bila kuomba. Yaani wewe ni raia tangu ukiwa shule ya msingi, ila hakuna aliyekwambia. Usijaze fomu ya kuomba uraia, omba pasipoti.

Kaka alizaliwa kabla ya mabadiliko ya 1983, na kwa muda mrefu hakuwa na pa kushika. Sheria ya mwaka 2022 imemfungulia njia: anaweza kusajiliwa kuwa raia wa eneo la ng'ambo (ndilo jina la sasa la ule uraia wa pembeni), na kwa msingi huohuo akaomba uraia wa Uingereza. Kenya haitamnyang'anya wake, maana Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, ila anatakiwa atoe taarifa ndani ya miezi 3.

Hujauliza kuhusu watoto wako, lakini najua utauliza. Uraia wako ni wa kurithi, na kwa kawaida hauvuki kwenda kwa mtoto aliyezaliwa Nairobi. Njia mojawapo ni kama uliwahi kuishi Uingereza miaka 3 mfululizo kabla hajazaliwa. Hapo anaweza kusajiliwa kabla hajatimiza miaka 18.

Bibi yangu alizaliwa Unguja mwaka 1938, enzi za Mwingereza. Sisi wajukuu tuna chochote? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Zanzibar haikuwa koloni. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, na bendera iliyopepea ilikuwa nyekundu ya Sultani. Bibi alihesabiwa mtu anayelindwa, si raia. Uganda ilikuwa vivyo hivyo, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, na hata Mombasa, kisheria, ilikuwa katika ule mwambao wa maili 10 wa Sultani wakati Nairobi ni koloni. Wa Nairobi nao wasishangilie: aliyezaliwa Kenya na mzazi aliyezaliwa Kenya alifanywa Mkenya tarehe 12 Desemba 1963, na kwa jumla uraia wa zamani ukaishia hapo. Dalali akikudai pesa "kufuatilia faili la bibi", funga pochi yako.

Baba ni mzaliwa wa Bermuda, hakumwoa mama. Nilizaliwa Dar es Salaam 1997. (Msomaji, Temeke)

Kabla ya tarehe 1 Julai 2006, baba asiyeoa hakuweza kurithisha. Sheria ileile ya 2022 inakuruhusu kusajiliwa sasa, mradi uthibitishe kuwa ni baba yako. Kipimo cha vinasaba husaidia pale cheti kinaponyamaza. Ila fikiri kwanza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ukijiandikisha kwa hiari yako unaupoteza wa Tanzania. Usije ukajua hilo siku ya kuhuisha pasipoti. Ningekuwa na kiwanja kwa jina langu, ningemwona wakili kabla ya kugusa fomu.

Babu alihamishwa kutoka Visiwa vya Chagos akaletwa Shelisheli. Nimechelewa? (Msomaji, Mombasa)

Bado, lakini harakisha. Wachagos, wenyeji wa visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Uingereza, waliondolewa kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani ya Diego Garcia, na wengi wa wajukuu wao waliachwa nje ya uraia kwa sababu walizaliwa uhamishoni. Tangu tarehe 23 Novemba 2022 mzawa wa moja kwa moja wa mtu aliyezaliwa visiwani humo anaweza kuomba, bila ada. Aliyekuwa mtu mzima siku hiyo ana miaka 5 tu, hadi Novemba 2027. Kazi kubwa ni karatasi: lazima kila kizazi kuanzia babu hadi kwako kiwe na cheti chake, na majina yaliyoandikwa kwa tahajia mbalimbali yaelezwe.

Je, babu wa Gibraltar ananipatia ile viza ya wajukuu? (Msomaji, Kampala)

Hakupatii. Viza hiyo, ya raia wa Jumuiya ya Madola wanaotaka kuishi na kufanya kazi Uingereza, inataka babu au bibi aliyezaliwa Uingereza yenyewe, au visiwa vya Channel na Man. Niandikie mzazi wako alizaliwa wapi na lini. Huenda jibu liko kwake.