Gongo la Alumini kwa Kijana: Tazama Muhuri Kwanza, Bei Baadaye

SWALI: Hamjambo. Mwanangu ana miaka 14, urefu wa sentimita 165 na uzani wa kilo 54. Anacheza besiboli hapa Nakuru, na mwaka huu amepandishwa hadi kikosi cha vijana wakubwa. Kocha ameniambia ninunue gongo la chuma "la BBCOR", basi, hakufafanua. Dukani nimeonyeshwa mawili. Moja limeandikwa 31/21 na lina muhuri wa USSSA. La pili ni 32/29 lenye muhuri wa BBCOR. Kijana amelipenda la kwanza kwa sababu ni jepesi, na bei zao zinakaribiana. Nichukue lipi?
*Mama wa mchezaji, Nakuru*

JIBU: Mama, hilo la 31/21 liache dukani. Kocha akishataja BBCOR, yaani kipimo cha Marekani cha jinsi gongo linavyousukuma mpira, gongo lisilo na muhuri huo halifai hata likiwa zuri kiasi gani. Katika kanuni za shule za upili za Marekani, ambako kipimo hiki kinatumika, mpigaji akikutwa na gongo lisiloruhusiwa anatolewa nje. Hatungependa kijana wako ajifunze hivyo mbele ya timu nzima.

Sababu ya muhuri ni usalama. Gongo la mbao halina uwazi ndani. Likigongana na mpira, mpira wenyewe ndio unaobonyea na kupoteza nguvu. Gongo la alumini lina uwazi, na ukuta wake mwembamba hubonyea kidogo kisha hurudi ghafla na kuusukuma mpira, kwa hiyo mpira hutoka kwa kasi zaidi. Kwenye uwanja kamili mrushaji anaanzia mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na akishaachia mpira huwa tayari amesogea mbele hatua nzima. Mpira wa kasi ukimrudia usoni hana muda wa kuinua glavu. BBCOR inaweka kikomo cha .50 ili alumini isiipite mbao kwa mbali. Vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, vilianza kukifuata mwaka 2011 na shule za upili za Marekani mwaka 2012. Muhuri wa USSSA, chama kingine cha michezo cha Marekani, wenye maandishi 1.15 BPF (kipimo chao cha msukumo wa gongo), unaruhusu gongo lenye msukumo mkubwa zaidi, na ndiyo maana hayo mawili hayabadilishani nafasi.

Sasa namba. Ya kwanza ni urefu kwa inchi, ya pili uzito kwa aunsi. Ukitoa ya pili kwenye ya kwanza unapata kile wachezaji wanachoita dropu: 32 kutoa 29 ni dropu 3, na 31 kutoa 21 ni dropu 10. Gongo la BBCOR haliruhusiwi kuzidi dropu 3. Aunsi moja ni gramu 28 na ushee, kwa hiyo lile jepesi lina gramu 595 hivi na lile la pili gramu 822. Tofauti yake inakaribia robo kilo ya sukari, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbali na mikono. Kijana aliyezoea dropu 10 akikabidhiwa 32/29 ghafla atachelewa kwenye kila mpira wa kasi, na kocha atadhani macho yake ndiyo mabovu.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza kama wana 31/28 yenye muhuri uleule. Hilo lina gramu 794 na ni fupi kwa inchi moja, na kwa mwili wa sentimita 165 na kilo 54 inchi 31 na 32 zote zinafaa. Mpimie kijana hapo hapo. Ashike gongo kwa mkono mmoja, ule wenye nguvu, karibu na kifundo cha chini, aunyooshe mkono pembeni usawa wa bega, nawe uhesabu sekunde 30. Ncha ikianza kushuka kabla hujafika, gongo ni zito kwake. Kisha azungushe kwa mikono yote miwili kama mara 10, taratibu halafu kwa nguvu. Mtazame mizunguko ya mwisho: ncha ikizama chini ya viganja, au akilazimika kuegemea nyuma ili alisimamishe gongo, rudi kwenye fupi. Akiwa katikati ya saizi mbili, mpe ile anayoiweza leo. Gongo la kumsubiri akue litamfundisha mpigo mbaya ambao mwakani utachukua miezi kuung'oa.

Uliza pia uzito umekaa wapi. Magongo mawili ya 31/28 yanaweza kuwa na gramu zilezile kwenye mizani, lakini moja limesawazishwa na jingine limejaza uzito kwenye ncha. La pili linawafaa vijana wenye nguvu na mpigo uliokomaa. Kwa anayetoka kwenye gongo jepesi, chukua lililosawazishwa. Mkiwa na mizani ya jikoni, lipime. Utepe wa mshiko huongeza uzito kidogo, kwa hiyo gramu 20 au 30 juu ya maandishi zisikushtue.

Kuhusu kilichotumika kulitengeneza, kwako tunapendekeza alumini ya kipande kimoja. Yale ya nyuzi za kaboni ni laini mkononi lakini bei yake iko juu, na mengi yanahitaji kuzoeshwa kwa mapigo kama 150 hadi 200, kijana akiligeuza robo mzunguko kila baada ya mapigo machache. Isitoshe, hayapendi baridi. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, mpira unakuwa mgumu na kaboni inaweza kupasuka, na asubuhi za Julai huko Nakuru zinashuka chini ya hapo. Alumini inaweza kubonyea lakini inatumika tangu siku ya kwanza. Pesa itakayobaki iende kwenye kofia ngumu ya mpigaji yenye kufunika masikio yote mawili. Hiyo usiiahirishe hata kwa wiki moja.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo Kisumu. Nimepata magongo sita ya mtumba soko la Kibuye, mengine mihuri imefutika. Nitajuaje yanayofaa?
*Mwalimu, Kisumu*

JIBU: Mwalimu, yasiyo na muhuri unaosomeka yatumie kupigia mpira uliowekwa juu ya kigingi, na hata hapo baada ya kuyakagua. Kwenye mechi mwamuzi anahukumu kwa anachokiona. Ukikuta muhuri wa BESR, hicho ni kipimo cha zamani kilichoondolewa BBCOR ilipoingia, kwa hiyo halitapita hata kama rangi bado inang'aa.

Kisha chukua tepu ya fundi cherehani uzungushe tumbo la gongo, yaani ile sehemu nene inayopiga mpira, mahali palipo panene kabisa. Ukipata karibu sentimita 21, kipenyo ni inchi 2 5/8, kiasi cha juu kabisa kwa BBCOR. Ukipata sentimita 22, ni inchi 2 3/4, na hilo ni la mashindano ya aina ya USSSA. Ukipata sentimita 18, huenda umeuziwa gongo la softiboli. Kipimo hiki hakikuambii ubora, lakini kinakuokoa kwenye lile kosa linalotokea sana mitumbani, la kuchanganya michezo hii miwili.

Ukaguzi wenyewe ufanye kwenye mwanga wa jua. Lifute gongo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, maana uchafu huficha ufa. Libiringishe polepole juu ya meza iliyonyooka ukitazama mwanga kati ya tumbo na meza: likiruka au mwanga ukibadilika, limebonyea au limepinda. Pitisha ukucha kuzunguka tumbo na pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea kishikio. Ukucha ukinasa kwenye mstari, huo ni ufa na hautengenezeki. Litikise karibu na sikio, kwani kitu kikigongagonga ndani huenda ni kipande kilichokatika au kifuniko cha ncha kimelegea. Mwisho, ligonge kidogo kwa mpira sehemu mbalimbali za tumbo. Alumini nzima inalia wazi, na yenye ufa inatoa sauti ya mvumo uliokufa. Kwa yale ya vipande viwili, shika tumbo na kishikio ujaribu kuyazungusha kinyume. Yakicheza hata kidogo, gundi ya kiungo imeachia.

Kuna hatari moja zaidi ya mitumba. Wapo wanaofungua kifuniko cha ncha na kukwangua ukuta kwa ndani ili gongo lisukume mpira zaidi. Gongo hilo ni haramu, na ukuta uliokonda unaweza kupasuka ukaacha kingo zenye makali. Kifuniko chenye alama za bisibisi au gundi mpya isiyolingana, likatae.

Yatakayopona usiyaache ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Kisumu, wala usiyapigie mipira iliyolowa maji.

SWALI: Nikipiga mpira mikono inawaka kama nimeguswa na umeme. Gongo langu ni la alumini. Je, ni bovu?
*Mchezaji wa miaka 15, Kakamega*

JIBU: Mdogo wetu, kama halina ufa, huenda shida ni mahali mpira unapogusa. Sehemu tamu ya gongo iko kama sentimita 13 hadi 18 kutoka kwenye ncha. Mpira ukigonga karibu na mikono au kwenye ncha kabisa, gongo zima linatetemeka, na la kipande kimoja halina kiungo cha kupunguza huo mtetemo. Paka chokaa kwenye tumbo, piga mipira 20 kutoka kwenye kigingi, uangalie chokaa imefutika wapi. Ikifutika upande wa mikono, umesimama karibu mno. Ikifutika nchani, sogea ndani.

Shika gongo kwa vidole, lisizame kwenye kiganja. Kisha ubadilishe utepe. Bandua wa zamani, futa gundi, anza kwenye kifundo ukipanda juu, kila mzunguko ukifunika uliotangulia kwa milimita 3 hivi, na umalizie kwa tepu. Wenye unene wa milimita 1.8 unapunguza mtetemo kuliko ule wa 1.1, ila kishikio kinakuwa kinene, kwa hiyo kama vidole vyako ni vifupi ujaribu kwanza kwenye gongo la mwenzako.

SWALI: Timu yetu ya vijana wa miaka 13 na 14 inakwenda kucheza Uganda, nao wanafuata kanuni za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto na vijana. Magongo yetu ya BBCOR yataruhusiwa?
*Kocha, Busia*

JIBU: Ndiyo, kocha. Kwenye ngazi ya Junior, ambayo ndiyo ya umri wa vijana wenu, BBCOR inaruhusiwa sambamba na gongo lenye alama ya USA Baseball, ambayo ilianza kutakiwa Januari 1, 2018. Kwenye ngazi ya Senior, ya vijana wakubwa zaidi, gongo la alumini ni BBCOR tu. Ya USSSA yaacheni nyumbani. Jirani zetu hawana mchezo na kanuni hizi: timu ya Lugazi ndiyo ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Ngazi ya Junior pia ina kikomo cha inchi 34, kwa hiyo kama mna gongo refu kuliko hapo, lipimeni kabla ya kupanda basi.