Duka la Mhindi linabambuka plasta

SWALI: Mzee, nimepanga duka la zamani la Wahindi hapa Kisumu, karibu na barabara ya Oginga Odinga. Lina baraza mbele na mlango wa mbao uliochongwa. Mwaka jana mwenye nyumba alipiga plasta mpya ya simiti. Sasa huku chini inabambuka na kutoa chumvi nyeupe, hadi magunia yangu ya unga yanashika ukungu. Fundi anasema ukuta umeoza, ubomolewe. Mlango atauondoa bure. Tufanyeje? – Mama Duka

JIBU: Mama, msibomoe kwanza. Chukua msumari, ukwangue kiungo cha mawe pale plasta ilipoanguka. Ukitoka unga mweupe laini, hapo pana chokaa. Maduka mengi ya kale ya mji huu, uliokua baada ya reli kufika mwaka 1901, yalijengwa hivyo, bila nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Ukuta unavuta maji ya ardhini kama utambi, kisha unayatoa kupitia chokaa. Simiti imeyafungia ndani, nayo yanatafuta njia na kuisukuma plasta.

Najua kwa sababu niliwahi kuharibu ukuta wa namna hiyo mwenyewe, nikijiona fundi kweli. Mzee wa Kalasinga aliyenifundisha kazi alikuja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Hakunigombeza. Aliniambia tu niilete patasi.

Basi ibandueni simiti polepole, bila nyundo kubwa, muuache ukuta ukauke kiangazi kizima. Mvua ikikaribia, ngojeni. Kisha plasta ya chokaa: fungu moja la chokaa iliyozimwa na kulala majini wiki kadhaa, mafungu matatu ya mchanga mkali, wa chembe zenye ncha. Chokaa inachomwa hapo Koru, si mbali. Chokaa mbichi, yaani ambayo haijazimwa, ikitiwa maji huchemka, kwa hiyo watoto wakae mbali, na anayeizima akinge macho yake.

India mafundi huongeza unga wa matofali yaliyochomwa, wanaouita surkhi, ili plasta istahimili maji. Wengine hutia maji ya sukari nguru. Nilipoambiwa nilicheka, maana kwetu sukari nguru ni ya chai na, samahani, ya chang'aa. Ila ni kidogo tu; ikizidi plasta inalegea.

Rangi ya mafuta msipake, pakeni chokaa.

Mwenye nyumba aulize kwanza pale makavazi ya Kisumu kama jengo limetangazwa kuwa turathi chini ya sheria ya makavazi na turathi ya 2006. Likiwa limetangazwa, haliguswi bila kibali.

Huo mlango, ukiwa wa msaji, mchwa hauli kirahisi. Pakeni mafuta ya kitani, mbadilishe bawaba zilizolegea. Na huyo fundi wa kuuondoa bure, muulize anaupeleka wapi.